Naomba ushauri: mkataba wa tamthilia nikiwa na mtoto anayenyonya

Ndugu wanachama, salaam. Mimi ni mwigizaji wa Bongo Movie tangu enzi za DVD za Kariakoo. Sasa, nikiwa na mtoto anayenyonya, nimepewa nafasi ya mhusika mkuu niliyoisubiri miaka mingi, lakini mkataba unanitaka nikae kambini muda wote wa kurekodi na unamwachia mtayarishaji haki ya kurudia kuonyesha tamthilia bila kunilipa tena. Mume wangu hapingi. Mama mkwe ndiye anayenuna. Nimeomba vipengele hivyo virekebishwe, nikajibiwa kwamba wanaoitaka nafasi hiyo ni wengi. Je, nikisaini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 bado itaniruhusu kudai malipo ya marudio? Nanyi waigizaji mliolea, mlikubaliana vipi kuhusu saa za kurekodi?