Majogoo 7 kwa mitetea 16, nipunguze vipi?

mkulima_gede
Asalaam aleikum wenzangu. Hapa Gede nina kuku wa kienyeji, mitetea 16 na majogoo 7, banda moja la makuti na uga wa waya mita 6 kwa 5. Watano ni mapora wa miezi 5 waliototolewa papa hapa, mmoja ni baba yao, mmoja ni kuchi, wale kuku warefu wa kupigana. Mitetea wanne wamenyonyoka mgongoni, wawili wana vidonda ubavuni chini ya bawa, mayai yameshuka, na wengine mchana kutwa hawashuki vijitini. Mapora nataka niwauze Maulidi. Nifanyeje mpaka hapo?

pwani_kuku
Waaleikum salaam ndugu yangu. Jogoo mmoja hutosha mitetea 10 hadi 12. Kwako kila jogoo ana wawili na ushei, na hawagawani sawa: wote humwandama yule mpole, ndiye anayemalizwa.

Watenge mapora leo usiku, kuku akiwa amelala hasumbui. Wahamishe wote watano kwa mpigo. Ukipeleka mmoja leo na mwingine keshokutwa, kila anayeingia ni mgeni na atapigwa. Kila mmoja apate angalau mita moja ya mraba, weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji vilivyoachana, kisha upande unaotazama mitetea uzibe kwa makuti mpaka chini. Wasipoona mitetea hupigana kidogo tu. Wakiwaona kwenye waya watararuana. Na ukimtoa mmoja siku kadhaa, usimrudishe tena.

Vidonda vioshe kwa maji ya chumvi, upake dawa ya zambarau. Ile rangi huficha wekundu, maana wenzake wakiona damu hudonoa. Manyoya yaliyong'oka na shina lake huota tena baada ya wiki 6 hadi 8. Yaliyokatika, shina likabaki ngozini, yatasubiri mpaka kuku apukutishe manyoya, basi usidhani dawa imeshindwa.

mfugaji_lamu
Hayo ni kweli. Mimi naongeza la chakula, kwa sababu hapo ndipo faida inapopotelea. Jogoo hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo watano ni kilo 18 kwa mwezi. Usiwape chakula cha kutagia: kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda ya mayai, na kwa jogoo huharibu figo polepole. Wape cha kukuzia, pamoja na machicha ya nazi ya siku hiyo hiyo. Machicha yaliyolala kwa joto letu huchacha na kuota ukungu, na ukungu unaua kuku.

Kuchi mtoe kabisa kwa hao mitetea wadogo. Ni mrefu na mzito, na miiba ya miguuni ndiyo inayopasua ubavu. Hata huyo baba, sugua ncha ya mwiba kwa tupa mpaka iwe butu, usikate kwa ndani. Katikati mna mfupa na damu.

Maulidi ijayo panga mapema. Mayai yakiatamiwa tarehe 10 Shaabani, vifaranga hutoka Ramadhani ikiingia, na Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiandama wana miezi 6 kamili. Karibu nusu watakuwa madume, basi wa ziada uza wakiwa na miezi mitatu, kabla hawajaanza kupanda.

pwani_kuku
Hapo kwenye baba sikubali abaki peke yake. Joto la kaskazi likipamba moto mbegu ya jogoo hupungua nguvu, na mitetea 16 ni wengi kwake. Tafuta jogoo wa pili kijiji kingine, asiwe mwanawe. Mtenge wiki 3, umchanje kideri, halafu mzungushe na mwenzake, mmoja ndani mmoja nje. Chagua kwa kutupa konzi ya mahindi: anayewaita mitetea na kuwaachia wale kwanza ndiye. Anayewaparamia bila hata kuwazunguka, mpeleke sokoni.

mkulima_gede
Shukran sana. Nikibadilisha jogoo, mayai ya kuatamia nichukue lini?

mfugaji_lamu
Baada ya wiki 3. Mtetea huweka mbegu ya jogoo wa kwanza tumboni kwa wiki mbili au zaidi, na ukikusanya mapema hutajua kifaranga ni wa nani. Ya kula chukua tu kila siku, hata pasipo jogoo mitetea hutaga.