Mjadala: Utani misibani upigwe marufuku? Bibi mcheshi tunamzikaje?

Ndugu zangu, naleta hoja hii nikijua wengi mtaipinga. Siku hizi familia nyingi, hasa za mijini, zinatangaza mapema kwamba kwenye msiba wao hakuna utani. Watani wakifika wanaombwa wakae kimya, na wajukuu wakianza kumwigiza bibi yao wanakemewa. Mimi nasema marufuku hiyo inatunyang'anya kitu kikubwa, hasa pale marehemu mwenyewe alipokuwa mcheshi.

Mama yangu tulimzika Kisarawe. Alikuwa Mzaramo, na kwetu bibi na mjukuu ni watani tangu mjukuu anazaliwa. Wajukuu wa kiume wote walikuwa waume zake. Akija mmoja mikono mitupu, anaulizwa mbele za watu: "Mume gani wewe, hata sabuni hujui imeisha lini?" Wa kike walikuwa wake wenza, akiwakuta wanapiga soga na babu yao, anatoka jikoni na mwiko kudai zamu yake. Hata kifo alikitania. Miguu ilipoanza kumsumbua alituagiza: "Siku yangu pilau liwe na nyama. Nisije nikasemwa niliishi na wachoyo."

Sasa, siku ya pili ya matanga binti mmoja, mjukuu wake, akajifunga kanga kama bibi, akaanza kuzunguka masufuria akiuliza nani kala ukoko. Wanawake wakacheka na machozi yanawatoka. Mzee mmoja wa ukoo akasimama, akasema hapa ni msibani, si ngomani. Binti akavua ile kanga, akaenda nyuma ya nyumba kulia peke yake. Historia ya marehemu iliyosomwa baadaye ilikuwa na mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watoto na wajukuu, na maradhi. Mgeni asiyemjua angeondoka akidhani tumezika mwanamke aliyezaa, akaugua, akafa.

Wanaosema utani ni uhuni wakumbuke kazi ya watani. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka na misafara hadi Bagamoyo, na utani wao na watu wa pwani kama Wazaramo unahusishwa sana na safari hizo. Mtu akifia njiani, mbali na ndugu zake, anahitaji wa kumsitiri. Mpaka leo mtani wa kweli haji kucheka tu. Anachimba kaburi, anapasua kuni, anachota maji, anasimamia chungu, kazi ambazo mfiwa hana nguvu nazo. Utani ni haki yake kwa sababu mzigo nao ni wake.

Hoja ya dini naiheshimu. Katika Uislamu kuomboleza kwa mayowe na kujirarua kumekatazwa, na kaburini ni mahali pa dua. Wakristo nao wana ibada yao. Kwa hiyo wakati wa kuosha, kuswalia na kuzika, kila mtu anyamaze, na mtani atakayelala kaburini kudai pesa aondolewe. Lakini msiba hauishii makaburini. Kuna zile jioni watu wamekaa kwenye mikeka, na viongozi wetu wa dini wenyewe hutuhimiza tutaje mema ya marehemu. Mema ya mama yangu mengi yalikuwa ndani ya utani wake. Majirani wawili waliwahi kugombania sufuria hadi wakaacha kusalimiana. Mama akaenda akaichukua, akawaambia ataipikia yeye mpaka wapatane. Walipatana wakiwa wanamcheka. Habari hiyo nitaisimuliaje kwa uso wa kununa?

Kwa mastaa tunaruhusu. King Majuto alipofariki Agosti 2018, watu walirudi kutazama vichekesho vyake, wakacheka huku wakimwombea, na hakuna aliyesema wamemvunjia heshima. Mama zetu wamekosa nini?

Kuhusu simu, nipo upande wa wanaokataza. Utani wa mjukuu ni kwa waliomjua bibi. Ukirushwa mitandaoni unafika kwa mtu asiyejua alitembeaje wala alisema nini, naye anaona vijana wasio na adabu. Kuhusu pesa vilevile: kumtoza mfiwa fedha nyingi kwa jina la utani ni unyonyaji. Na akifa mtoto au kijana, mtani mwenye akili anajua kufunga mdomo bila kuambiwa. Ninayemtetea ni mzee aliyekula chumvi nyingi.

Hoja inayoniuma ni ya dada yangu. Aliniuliza: "Mnachekaje na mimi nimefiwa na mama?" Yeye ndiye aliyemuuguza, akimgeuza kitandani usiku, na kila kicheko kilimchoma. Sina jibu la kumshinda, wala sitaki kumshinda. Ninachosema ni kwamba angekaa ndani na wanawake wa kumshika, sisi tungekuwa nje na simulizi zetu, na asilazimishwe hata kutabasamu. Lakini huzuni yake isiwe kipimo cha mjukuu aliyemjua bibi kwa njia ya kicheko pekee. Yule binti hakuwa na namna nyingine ya kumlilia. Dada hajakubaliana nami hadi leo.

Nataka kuwasikia mliopiga marufuku: wajukuu mliwapa nafasi gani ya kumuaga bibi yao? Na ninyi watani, hasa Wanyamwezi na Wasukuma mnaotuzika sisi Wazaramo: mkikatazwa utani, bado mnakuja kuchimba kaburi?