Tupeane uzoefu: mtetea anayewika na vituko vingine vya kuku jike

BandaLaUani
Wakuu, uzi huu ni wa vituko vya kuku jike: anayewika, anayepanda wenzake, anayekula mayai, anayeatamia kiota kitupu. Kila mtu akiuliza "mtetea kawika, nifanyeje?" hupewa majibu mawili tu, mchinje au mwache, na yote hutolewa kabla hajaulizwa swali la maana: bado anataga?

Anayechangia ataje umri wa kuku, kama anataga, upanga wake (ile nyama nyekundu ya kichwani) ukoje, na kama kundi lina jogoo. Kisha aseme chanzo na hatua. Habari za mkosi na mizimu zina uzi wake.

PoraMweusi
Kabla ya yote, hakikisheni ni jike. "Mtetea" wa wiki 14 anayewika mara nyingi ni pora (jogoo mchanga) aliyeuzwa kama tembe (jike ambaye hajaanza kutaga).

Usitazame upanga peke yake, maana kuna tembe wa mbegu za mayai wanaowahi kuwa na upanga mkubwa mwekundu. Mpakate, tazama manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Kuanzia wiki ya 12 hadi 16 hivi pora huota manyoya membamba, yamechongoka, yanang'aa na kudondokea ubavuni. Ya tembe ni mapana na ncha yake ni mviringo. Ya shingoni hufuata mtindo huo huo.

Kipimo hiki kinakwama kwa aina mbili. Silkie ana manyoya kama sufu, hayachongoki vizuri. Sebright ndiye mtihani kabisa: jogoo wake ana manyoya ya jike kwa asili, kwa sababu ngozi yake yenyewe huigeuza testosteroni (homoni ya kiume) kuwa estrojeni (ya kike). Kwa hao subiri yai.

MtagajiMkuu
Nitaenda kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanachanganya mambo mawili.

La kwanza ni nani mkubwa ndani ya kundi. Kuku wana ngazi ya kudonoana, jambo lililoelezwa na Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe mwaka 1921: wa juu humdonoa wa chini, wa chini hamrudishii. Kundi lisipokuwa na jogoo, au jogoo akifa au kuondolewa, mtetea wa juu anaweza kushika nafasi yake. Anasimama mahali pa juu, ananyoosha shingo, anatoa sauti fupi yenye mkwaruzo inayokatika kabla ya kumalizika. Huyu mwili wake ni mzima na anataga kama kawaida. Hahitaji dawa.

La pili ni ovari, kiungo kinachotoa viini vya mayai. Kuku jike kwa kawaida ana ovari moja inayofanya kazi, ya kushoto. Ya kulia ilidumaa tangu hajaanguliwa, ikabaki kijipande tu. Ovari ya kushoto ikiharibiwa na uvimbe, maji au maambukizi, estrojeni inashuka. Kile kijipande cha kulia kinaweza kukua, na kinapokua huelekea kuwa kama korodani na kutoa homoni za kiume. Hapo kutaga kunakatika, upanga na ndevu vinakua, vipi (ile miiba ya miguuni) vinarefuka, kuwika kunaanza.

Manyoya huchelewa, na ndiyo yanayowapoteza watu. Unyoya uliokwisha kuota ni kitu kilichokufa, hauwezi kubadilika. Sura ya kijogoo huja kuku anapopukutisha manyoya na kuota mapya. Wakati mwingine utauona mpaka wenyewe kwenye unyoya mmoja: ncha, iliyotangulia kuota, ni ya mviringo kama ya jike, sehemu ya chini, karibu na ngozi, imekuja na mpangilio wa kiume. Ukiona hivyo, homoni zilibadilika unyoya ule ukiwa unaota.

Sasa namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Mtenge siku 4 hadi 5 kwenye banda dogo lenye kiota, chakula na maji, uone kama kuna yai. Usimhukumu kwa siku 1 au 2: yai huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na kuhamishwa pekee kunaweza kumkatisha. Wakati huo huo mpime kwa vidole. Chini ya tundu la kutagia kuna mifupa miwili yenye ncha. Kwa anayetaga huingia vidole viwili au zaidi katikati yake, na tundu ni pana, lina unyevunyevu na limepauka. Kwa asiyetaga kinaingia kidole kimoja kwa shida, na tundu ni dogo na kavu.

Ila msipime kuku anayepukutisha manyoya wala anayeatamia. Hao wameacha kutaga kwa sababu zao.

Kiotani
Swali fupi: huyo wa ovari anaweza kupanda mitetea na kupata vifaranga?

MtagajiMkuu
Kupanda atapanda. Vifaranga usitegemee: hana mirija kamili ya kupitisha mbegu, na chembe zake zinabaki za jike, kromosomu Z na W. Umbo na tabia ndivyo vimebadilika.

Yule anayeonekana jogoo ubavu mmoja na jike ubavu wa pili ni kitu kingine kabisa. Alizaliwa hivyo. Utafiti wa Taasisi ya Roslin, Edinburgh, Scotland, uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba pande zote mbili zinapata damu ileile yenye homoni zilezile, lakini chembe za kila upande zinafuata jinsia yake zenyewe.

Alfajiri
Kwa wenye majirani: msitegemee giza peke yake. Mwaka 2013 Shimmura na Yoshimura wa Japani walionyesha kwamba jogoo ana saa yake mwilini na huwika kabla ya mwanga kufika, hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu mchana na usiku. Mwanga na sauti ya mwenzake huongeza tu. Waliendelea, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba wa ngazi ya juu ndiye anayeanza, wengine hufuata kwa kushuka ngazi. Hao walikuwa majogoo, lakini mtetea aliyeshika nafasi ya jogoo nisingemtarajia awe mpole zaidi.

Kinachopunguza kelele ni kumzuia asinyooshe shingo. Mlaze kwenye kisanduku chenye dari fupi, aweze kusimama ameinamisha kichwa kidogo lakini asiweze kukiinua chote. Matundu ya hewa yawe pande mbili zinazotazamana, juu ya kimo cha kichwa, maana hewa nzito ya kinyesi hujaa haraka kwenye kisanduku. Ni kwa usiku tu; jua likitoka, mfungulie. Zile kola za kubana shingo siziungi mkono. Ikilegea haifanyi kazi, ikibana kidogo kuku akishiba gole (mfuko wa chakula shingoni) linajaa anakosa pumzi.

Kuleta jogoo ili mtetea anyamaze? Huwa inafanya kazi kwa wa ngazi, lakini umebadilisha sauti ndogo kwa kubwa.

FitoYaJuu
Mtetea kupanda mtetea ni ngazi ileile, usihangaike isipokuwa anayepandwa ana majeraha mgongoni. Na tembe anayechutama na kutandaza mabawa ukimkaribia haumwi: yuko karibu kuanza kutaga, mara nyingi wiki ya 18 hadi 22. Andaa viota, kimoja kwa kuku 4 au 5.

GandaGumu
Sasa kuku wanaokula mayai. Hawa wana hasara kuliko wawikaji wote mliowataja.

Huanza kwa ajali. Yai lenye ganda laini linapasuka, kuku anaonja kiini, anajifunza. Kwa hiyo anza na ganda. Chakula cha kuku watagao kiwe na kalsiamu kati ya asilimia 3.5 na 4 na protini kama asilimia 16. Weka kombe za baharini zilizosagwa punjepunje kwenye chombo cha pembeni, kila mmoja ale kiasi anachohitaji. Msizimwage kwenye chakula cha kundi lenye vifaranga, kalsiamu nyingi inaharibu figo zao. Ukiwarudishia maganda ya mayai, yakaushe kwenye moto na uyasage hadi yasifanane tena na yai.

Mhusika utamjua saa ya mchana: kiini kimemkaukia pembeni ya mdomo na manyoya ya koo yameshikana.

Kisha rekebisha kiota. Weka pazia la kitambaa kizito mbele, ndani pawe na giza. Maranda yawe na kina cha sentimita 8 au zaidi ili yai lisigonge mbao. Okota mayai mara 3 kwa siku, ya kwanza kabla jua halijapanda sana. Weka mayai bandia ya mbao mawili matatu. Akidonoa akakuta gumu anachoka. Mbinu ya kujaza haradali kwenye ganda inasifiwa sana, lakini wengi wanakula na kufuta mdomo.

Asipoacha, jenga kiota chenye sakafu ya kuteremka: urefu sentimita 30, upande wa nyuma ushuke sentimita 3, na uwazi wa yai kubingirikia kwenye kisanduku kilichofunikwa. Mteremko ukizidi, mayai yanagongana na kupasuka. Ukipungua, yai linabaki palepale na mwenyewe analisubiri.

Kiotani
Anayeatamia kiota kitupu: ni prolaktini (homoni ya kuatamia) imepanda, si ukaidi. Kama una mayai yaliyorutubishwa, mpe, siku 21 aangue. Kama huna, mhamishie kwenye kizimba chenye sakafu ya waya kilichoinuliwa sentimita 30 hivi, bila matandiko, chenye chakula, maji na mwanga. Hewa ikipita chini ya tumbo joto linashuka. Siku 3 au 4 zinatosha ukiwahi. Ukichelewa wiki mbili, tegemea zaidi. Mfungulie asubuhi: akienda kuchakura amepona, akienda kiotani mrudishe. Kumtoa kiotani kwa mkono kila saa ni kumpa mazoezi ya kurudi.

BandaLaUani
Naongeza tahadhari, kuna vituko ambavyo si vituko. Shingo iliyopinda pamoja na kuharisha kijani, kukoroma au mayai kupungua ghafla ni dalili za kideri: tenga, usiuze wala kuhamisha kuku, mwite mtaalamu wa mifugo. Kuku mmoja tu aliyepinda shingo, wenzake wakiwa wazima, anaweza kuwa amepungukiwa vitamini B1 au E, lakini mtenge hivyo hivyo hadi ujue.

Anayesimama wima kama mtu, mkia ukipanda na kushuka, huenda yai limekwama. Mwoshe kwa kumzamisha hadi tumboni kwenye maji ya nyuzi 38 hadi 40 kwa dakika 20 au 30, mkaushe, mweke mahali pa joto na giza na umpe kalsiamu. Msilivunje yai ndani, vipande vya ganda huchana mirija. Tumbo likiwa laini kama mfuko wa maji, hilo si yai tena na dawa ya nyumbani haipo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

PoraMweusi
Na yule aliyelala ubavu juani, bawa moja limetandazwa, jicho nusu limefumba, mguu umenyooka kama mfu? Piga makofi karibu naye. Akiruka, alikuwa anaota jua tu, jambo wanalolifanya mara nyingi baada ya kuoga vumbi.

Wape sehemu yao ya kuoga vumbi: kisanduku cha sentimita 60 kwa 60, kina 30, mchanga mkavu na udongo kwa sehemu kubwa, majivu kidogo. Majivu yawe ya kuni tupu, si ya mbao zilizopakwa rangi, na paezekwe. Yakilowa yaondoe yote, maana majivu mabichi huunguza ngozi ya miguu.