Mzee anakuja Uingereza: nimkatie ziara ya Anfield au ninunue kisanduku cha zawadi?

BintiChumbageni:

Asalaam alaykum, habari zenu wadau. Baba na mama wanakuja kututembelea hapa Leicester mwezi wa nne, viza zimeshatoka, alhamdulillah. Mzee ni Liverpool wa enzi za Grobbelaar. Alifanya kazi bandarini Tanga mpaka anastaafu, na mpira wa Ulaya aliujua kwa redio kabla ya kuuona kwa macho. Ukimtajia fainali ya Kombe la Ulaya iliyochezwa Roma 1984 anasimama kukuonesha yule kipa wa Zimbabwe alivyolegeza miguu golini ili wapiga penalti wa Roma wachanganyikiwe. Nataka siku moja ya safari hii iwe yake.

Mitandaoni nimeona visanduku vya zawadi: ndani mna vocha ya ziara ya uwanja kwa watu wawili, uwanja unachagua mwenyewe, vingine vina na chakula cha mchana au boti. Mume wangu anasema tujikusanye tumpeleke mechi kabisa. Mzee ana miaka 71 na goti linamsumbua. Mama mpira haumhusu hata kidogo, yeye ni maua na mimea. Nyinyi mngefanyaje?

MpembaWaMersey:

Wa alaykum salaam dada. Mimi naishi Toxteth, na wageni wangu wa nyumbani huulizia Anfield, uwanja wa Liverpool, kabla hawajafungua begi. Nunua ziara yenyewe, kwa klabu moja kwa moja, yenye tarehe na saa. Kisanduku achana nacho. Ukiwa na vocha bado hujapata siku. Itabidi uiombe baadaye, na Aprili kuna mechi nyingi, tena likizo ya Pasaka huangukia hapo hapo. Siku Liverpool wanacheza nyumbani ziara za kawaida hazipo. Mwenyeji wa hapa atasema basi, nitakwenda mwezi ujao. Mzee wako ana tiketi ya ndege ya kurudi. Ukitaka awe na kitu cha kufungua, chapisha tiketi, itie kwenye bahasha pamoja na skafu nyekundu, mpe mbele ya wajukuu.

Goti lisikutishe. Ziara huanzia juu kabisa ya jukwaa kuu, lifti ipo, halafu mnateremka. Waandikie mapema kwamba mna mzee asiyeweza ngazi. Kule juu msimharakishe. Ataona uwanja mzima chini yake, na ng'ambo ya bustani ya Stanley ataona Goodison Park, uwanja wa zamani wa Everton. Hapo msimulie, maana wazee wetu wanapenda kujua asili ya kitu: Anfield ilifunguliwa 1884 na waliocheza hapo ni Everton! Mwaka 1892 wakagombana na John Houlding, mwenye uwanja, na kodi ya uwanja ikiwa kiini cha ugomvi, wakahama. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, akaunda Liverpool.

Chini kuna chumba cha kubadilishia nguo, jezi zimetundikwa, halafu ile njia ya kutokea uwanjani yenye kibao cha This Is Anfield alichokiweka kocha wa zamani Bill Shankly. Kocha Klopp alipofika aliwakataza wachezaji wake kukigusa mpaka washinde kombe. Mzee akiguse, apigwe picha. Nyasi ndizo haziruhusiwi kukanyagwa, mwambieni mapema asije akavunjika moyo. Makumbusho imo kwenye tiketi, na mle atayakuta makombe sita ya Ulaya, na hilo la Roma 1984 ni mojawapo. Mpeni muda mrefu hapo.

Akiketi kwenye benchi la ufundi mkumbusheni tarehe 5 Novemba 2019, Samatta wetu alipoipiga kona ya Genk ya Ubelgiji kwa kichwa na kipa Alisson hakuifikia. Liverpool walishinda 2-1, lakini Mtanzania alifunga Anfield. Nilipomleta mjomba wangu, hapo ndipo alipovua miwani.

Kwa nje, kabla hamjaondoka, pitieni ukumbusho wa Hillsborough. Kuna majina ya watu 97 waliokufa kwa msongamano wa tarehe 15 Aprili 1989 kule Sheffield. Mzee aliyekuwa akisikiliza redio miaka ile atasimama hapo bila kuambiwa. Na mkija katikati ya Aprili mtakuta maua mengi.

Shemeji anataka mechi, namwelewa. Lakini tiketi za ligi huishia kwa wanachama, tena kwa bahati nasibu, na anayekuuzia mtaani au mtandaoni bila idhini anatenda kosa la jinai kwa sheria ya hapa. Mnaweza kulipa pesa nyingi mkarudishwa mlangoni. Tena ukikaa Kop, jukwaa la mashabiki wakali, watu wanasimama dakika tisini, na mwenye goti bovu ataangalia migongo ya vijana. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba mtu aliyeujua uwanja kwa sikio anafaidi zaidi siku ulipo mtupu, anapoweza kuuliza, kukaa, na kuangalia anachotaka.

Sasa jambo ambalo hakuna kisanduku kitakachokuwekea. Mkitoka Anfield kurudi mjini, pitieni Brougham Terrace, West Derby Road. Hapo upo msikiti wa Abdullah Quilliam, wakili wa Liverpool aliyesilimu 1887 na kuufungua 1889, wa kwanza Uingereza. Nyumba ya kawaida kwa nje, nyeupe, unaweza kuipita. Jengo liliachwa likachakaa miaka mingi, sasa linasaliwa tena. Ulizeni saa za kufungua, mzee aswali adhuhuri. Mjomba wangu wa Chake alizungumzia msikiti ule kuliko makombe.

Mama mpelekeni Sefton Park, kwenye Palm House, nyumba ya vioo ya mwaka 1896 iliyojaa miti ya jamii ya minazi na mimea ya nchi za joto. Chakula, Lodge Lane, kwa Wayemeni, wali wa mandi.

Kisauni_Buluu:

Mimi ni Everton, nimezaliwa Mombasa, na kaka Mpemba ameeleza vizuri isipokuwa hapo kwa mechi. Mechi inawezekana! Everton wanaume wamehamia uwanja mpya Bramley-Moore Dock 2025, na Goodison Park sasa ni nyumba ya Everton wanawake. Tiketi zao ni bei nafuu na hupatikana bila uanachama. Mzee atakaa uwanja wa kale, atasikia kelele za kweli, na kutoka Anfield ni kukatiza bustani tu. Tazameni ratiba.

Na huyo ni mtu wa bandari, dada! Mbona hakuna aliyetaja gati? Mpelekeni Royal Albert Dock. Maghala yale ya 1846 yalijengwa kwa chuma, matofali na mawe, nguzo na sakafu zisiwe za mbao, ili moto usiteketeze shehena. Mtu aliyepakua matishari Tanga atayasoma majengo yale vizuri kuliko sisi. Kisha feri ya Mersey kutoka Pier Head, mzunguko kama dakika hamsini, hata mama ataufurahia. Makumbusho ya Utumwa ya Kimataifa ipo hapo Albert Dock, ila imefungwa tangu Januari 2025 kwa ujenzi mkubwa. Makumbusho ya Liverpool, pale jirani, ni bure.

Mkirudi kwa Samatta, tafadhali msisahau kombora la Wanyama wa Kenya, Februari 2018, akiwa Spurs, mechi ya 2-2. Anfield hiyo hiyo.

MamaZuhura_Coventry:

Binti, wazee wangu nimewazungusha nchi hii. Hayo yote ni mazuri lakini ni ya siku mbili. Leicester hadi Lime Street, kituo cha treni cha Liverpool, mtabadilisha treni njiani. Laleni usiku mmoja. Siku ya kwanza gati na feri, jua likiwepo, ya pili Anfield asubuhi, msikiti, halafu Sefton Park. Na mnunulie mama koti la upepo kabla ya hiyo feri. Aprili ya Mersey inauma.

BintiChumbageni:

Nimesoma kwa sauti, mume wangu amekubali. Nimekata ziara ya Anfield ya saa nne asubuhi kwa watu watatu, mimi, yeye na mzee. Mama na wanangu wataanza Palm House, tutawakuta huko baada ya swala. Msikitini nimeshaandika barua pepe. Kisauni, ya gati sikuwa nimeifikiria kabisa, na nina hakika hiyo ndiyo itakayomfanya azungumze mpaka usiku. Feri imo.

Mpemba kaka, kutoka Lime Street hadi Anfield tupande basi gani?

MpembaWaMersey:

Namba 17, Queen Square, hatua chache kutoka kituoni. Kaeni chini, mbele, mzee asipande ghorofani. Mkishamaliza nipigieni salamu hapa, kama niko zamu ya usiku nitawakuta Lodge Lane, chai juu yangu.