Bibi kazidisha Valium, kumbe wazee ndo wanaongoza?

mjukuu_wa_tanga: Wadau habari za leo. Bibi yangu ana miaka 78, juzi saa nane usiku tumemkimbiza hospitali, tunamwita haitiki, anakoroma tu vibaya. Kumbe alimeza Valium, hizi dawa za usingizi, akaamka kwenda chooni, akasahau kama ameshameza akameza tena, vidonge kavifunga kwenye karatasi ya daftari kaviweka pindo la kanga. Tunashukuru Mungu kaamka. Sasa nesi kaniambia wazee wanawapokea sana kwa hili, mi nikashangaa maana nilijua ni mambo ya vijana wanaotafuta kulewa. Hasa hasa nani yuko hatarini?

zamu_ya_usiku: Pole sana ndugu yangu. Mi nipo emejensi mwaka wa tisa huu. Mwili wa mzee unaitoa dawa taratibu mno, Valium hata kwa kijana inakaa siku kadhaa, kwa bibi, dozi ya juzi haijaisha unaongeza ya leo, inajazana tu. Ndo maana madaktari wa wazee kule Marekani wana orodha inaitwa Beers, inasema kuanzia miaka 65 dawa za jamii ya Valium ziepukwe. Na wengi wala hawaji wamelala kama bibi yako, wanaletwa nyonga imevunjika, kaanguka bafuni, inaandikwa kaanguka basi, kidonge hakuna anayekiuliza. Ila msimkatishe ghafla kama amezoea, anaweza kupata degedege, daktari ampunguzie.

dirisha_la_dawa: Ongeza wanawake. Zolpidem, dawa nyingine ya usingizi, mwaka 2013 Marekani walishusha dozi ya kuanzia kwa mwanamke toka miligramu 10 hadi 5 sababu asubuhi bado iko nyingi kwenye damu. Halafu wanaandikiwa hizi dawa kuliko wanaume, mama akisema halali anapewa kidonge, baba anajitibu baa 😅. Na wanaomeza kusudi wengi ni mabinti wadogo, hao wakiletwa jamani msiwafokee.

wa_majengo: Huku Mombasa ukisema bugizi, yaani vidonge vya Rohypnol, ndugu yake Valium, kila mtu anajua ni vijana wa kiume, na wanachanganya na pombe ama heroini, hapo ndio pumzi inakata. Alafu Nairobi kuna wale wa mchele, wanaotilia watu dawa ya usingizi kwenye kinywaji wawaibie, mzee mzima na suti yake anawekewa kwa glasi anaamka kesho kutwa bila simu bila viatu. Huyo naye ni mgonjwa wa dawa za usingizi, ama si ndio?

zamu_ya_usiku: Ndio huyo huyo 😂 na aibu yake hasemi. Ila mjukuu, hiyo karatasi ya daftari ndo imenikaa kichwani. Hapo nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano?

mjukuu_wa_tanga: Dah. Mwanangu ana miwili na analala na bibi, hiyo kanga ndo anajifunikia. Ngoja nipige simu nyumbani sasa hivi.