Nimeacha sigara, lakini sasa nakula bila kipimo: nifanye nini?

Muulizaji, Tabata

Habari zenu, ndugu zangu. Nilivuta sigara kwa miaka kumi na minane, takriban pakiti moja kwa siku, na leo ninatimiza wiki ya saba bila kuigusa. Tatizo langu ni chakula. Nafanya kazi katika duka la vipuri Kariakoo, na ikifika saa kumi jioni, muda ambao zamani nilitoka nje kuvuta, sasa ninakwenda kwenye kijiwe cha kahawa, ambako ninakunywa vikombe vitatu au vinne na kula kashata mpaka muuzaji ananiuliza kama nimeshinda na njaa. Usiku, baada ya kushiba kabisa, bado nachovya mkono kwenye mfuko wa karanga. Nimetoka kilo 74 hadi 79, na suruali zangu mbili za kazini hazifungi tena. Rafiki yangu ananishauri nivute sigara moja tu baada ya mlo ili nikate hamu ya kula. Je, nimsikilize, au nianze kujinyima chakula?

Mstaafu wa sigara, Temeke

Ndugu yangu, hongera kwa wiki saba, na nakusihi usiiguse hiyo moja, kwa sababu mimi niliigusa mwezi wa tatu na ikanirudisha kwenye pakiti nzima kwa mwaka mmoja na zaidi. Nilipoacha mara ya pili nilitambua kwamba sehemu kubwa ya ile niliyoiita njaa ilikuwa mkono na mdomo kukosa kazi. Asubuhi nilikata matango na karoti vipande virefu vya ukubwa wa kidole, nikavikamulia ndimu, nikavitia kwenye kibakuli chenye mfuniko na kwenda navyo kazini. Hamu ilipokuja, nilishika kipande kimoja, nikakitafuna polepole na kunywa maji, nikijua kwamba hamu ya sigara huwa haizidi dakika chache, hata kama wakati huo inaonekana haina mwisho. Wewe uko karibu na Mnazi Mmoja. Saa kumi hiyohiyo tembea hadi huko na kurudi, kisha uone kama bado unaitaka kashata.

Muuguzi, Kinondoni

Naongezea upande wa mwili. Nikotini hupunguza hamu ya kula na huufanya mwili utumie nguvu kwa kasi kidogo zaidi, kwa hiyo unapoiacha, hamu hurudi na matumizi ya nguvu hushuka, huku ladha na harufu ya chakula vikirejea pia. Wanaoacha huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Wapo wasioongezeka kabisa, na wapo wanaopungua. Kilo zako tano hazikaribii madhara ya sigara, kwani baada ya mwaka mmoja bila kuvuta, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa takriban nusu. Usijinyime chakula sasa, maana mtu mwenye njaa kali huikumbuka sigara upesi.

Lakini lililonishtua katika maelezo yako ni kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka, na ukiacha kuvuta, vikombe vilevile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni wasiwasi, mikono kutotulia na usingizi mwembamba, mambo ambayo mtu huyadhania kuwa ni hamu ya sigara au njaa, akala. Punguza angalau nusu, na jioni uache kabisa. Ukiona bado unazidiwa, muulize mfamasia au daktari kuhusu dawa za nikotini za kutafuna au za kubandika, ambazo zinaweza pia kuchelewesha uzito kupanda. Na kama una kisukari, usikae bila kumweleza daktari wako kwamba umeacha, kwa sababu sukari inaweza kubadilika na dozi ikahitaji kuangaliwa upya.

Mama wa Mbagala

Mume wangu aliacha mwaka jana. Tulichofanya nyumbani ni kupakua chakula jikoni badala ya kuweka hotipoti mezani, kuongeza mchicha na kupunguza wali, na yeye kupiga mswaki mara tu baada ya kula cha usiku. Karanga nilikuwa nampimia kiganja kimoja kwenye kisahani. Mfuko wenyewe haukufika sebuleni.

Muulizaji, Tabata

Nawashukuru sana, hasa dada muuguzi. Usingizi umenipotea tangu wiki ya kwanza, kila siku nimekuwa nikiilaumu sigara, na kila jioni nimekuwa nikiongeza kikombe ili nitulie. Kuanzia kesho nitakunywa kimoja tu, asubuhi, na saa kumi nitatembea hadi Mnazi Mmoja. Nitapima uzito kila Jumamosi na kuwaletea taarifa hapa.