Wakala wa bima Mtwara mjini ameniuzia kadi ya njano (bima ya gari ya kuvukia mpaka) ya kwendea Msumbiji, nimefika mpakani nimeambiwa haifanyi kazi

Wakuu, salaam. Nimerudi jana usiku, sijalala vizuri, na hasira niliyonayo sijui niipeleke wapi. Uzi utakuwa mrefu, anayeona uvivu apite.

Mjomba wangu alifariki Mueda, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mazikoni hatukuwahi. Arobaini ikapangwa Jumapili iliyopita, na mama yangu, ambaye ndiye dada yake pekee aliyebaki, akasema hii haitampita. Wamakonde wenzangu mnajua mjomba ni nani kwetu. Maneno ya ukoo hayafunguliwi mpaka mpwa awepo, na mpwa mkubwa ni mimi. Kule walikuwa wanatusubiri sisi.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, hali ya mashambulizi ya waasi Cabo Delgado tangu 2017 naijua, na sisi wa Mtwara tunakumbuka walivyovuka wakashambulia kijiji chetu cha Kitaya 2020. Wiki nzima nilikuwa napiga simu kwa ndugu walioko Mueda kuuliza njia. Wakasema njooni, ila mtembee mchana na mtupe taarifa kila mnapofika. Kwa hiyo sikukurupuka.

Gari ni yangu, RAV4 ya zamani, kadi ina jina langu, haidaiwi na benki yoyote. Bima ndogo nililipa mwanzoni mwa mwaka, ile 118,000 ya kila mtu, na stika inasoma. Nilijua bima ya hapa haivuki mpaka, ndiyo maana wiki mbili kabla ya safari nikaenda kwa wakala mjini. Jina la ofisi siliweki hapa. Nikamwambia dada aliyekaa mezani, kwa mdomo wangu, "Dada, naenda Msumbiji na gari yangu, napita Daraja la Umoja, nifanyie bima itakayonivusha." Akanijibu, "Umefika kaka yangu, hapo unahitaji kadi ya njano tu, inapita mpaka wowote." Akaniuliza nakaa siku ngapi, akapiga hesabu, nikalipa, akanipa. Kwenye fomu, sehemu ya safari, aliandika yeye mwenyewe kwa kalamu yake: MSUMBIJI. Nakala ya fomu ninayo, nimeikunja ndani ya pasipoti.

Ijumaa tukalala Masasi kwa shangazi ili tusimchoshe mama, goti lake halimpi raha. Jumamosi alfajiri tukashika njia ya Mangaka. Lami ni nzuri hadi mtoni, sina la kulalamika hapo. Saa tatu kasoro tukawa Mtambaswala, mpakani, lilipo Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma. Upande wetu pasipoti zikagongwa, karatasi za kutoa gari kwa muda zikaandikwa, tukapanda daraja. Mita 720 zile. Mama alikuwa hajawahi kulivuka. Lilipofunguliwa Mei 2010, Kikwete na Guebuza wakiwa pale, alilisikia redioni akasema sasa kwa kaka yake ni safari ya siku moja. Tulipofika katikati akaniomba niende taratibu aone mto.

Upande wa Negomano, ambako ni Msumbiji, wakaanza kukagua. Pasipoti sawa, viza hatudaiwi. Kadi ya gari sawa. Pembetatu za tahadhari mbili ninazo, kizibao cha kung'aa ninacho, maana nilishaambiwa na madereva wa malori kwamba kule askari anadai vyote hivyo. Kibali cha kuingiza gari kwa muda wakasema watakitoa hapohapo. Kisha yule ofisa akauliza bima. Nikatoa kadi ya njano.

Akaitazama, akaigeuza, akanirudishia. Alikuwa kijana mstaarabu, Kiswahili chake safi kabisa. Akasema, "Kaka, hii kwetu haitumiki. Msumbiji hatumo kwenye mpango huu. Unatakiwa bima ya hapa, ya kumlipa mtu utakayemgonga." Nikadhani amekosea. Nikamwambia nimeuziwa kwa ajili ya Msumbiji. Akaniambia nisome nchi zilizoandikwa. Nikasoma mara mbili. Msumbiji haimo.

Nikamuuliza basi ninunue wapi hiyo ya kwao. Akasema muuzaji hupatikana, ila siku ile hakuwepo, labda Jumatatu. Arobaini ilikuwa kesho yake. Na kuniachia nipite bila bima hakukubali, na wala simlaumu. Ningemgonga mtoto wa watu njiani kuelekea Mueda, gari lingeshikwa, na mimi ningebaki huko hadi ukoo mzima uuze korosho. Sheria ni yake na alikuwa sahihi. Aliyenikosea yuko Mtwara mjini, amekaa chini ya feni.

Nikampigia simu palepale, nikaweka sauti ya nje mama asikie. Dada akasema, "Kwani ulisema unaenda Msumbiji?" Nikamsomea fomu aliyoiandika mwenyewe. Kimya. Kisha, "Basi kaka labda hao wa mpakani wanataka chochote, ongea nao vizuri." Wakuu, hapo ndipo nilipotetemeka. Mtu ameniuzia bima isiyofanya kazi, halafu ananifundisha nikahonge mtumishi wa nchi nyingine mbele ya mama yangu!

Dereva mmoja wa lori la saruji akatuonea huruma, akasema mama anaweza kupanda kwake hadi Mueda. Mama mwenyewe akaanza kutafuta mkoba wake. Ana miaka 71. Nikakataa, kwa sababu barabara ya kule si ya kumkalisha mama mwenye goti bovu juu ya lori, na kumwachia mtu nisiyemjua siwezi. Mama hakubishana. Alikaa kwenye gari mlango ukiwa wazi kama nusu saa hivi, kisha akasema, "Geuza, mwanangu, tusije tukakutwa na giza." Tangu hapo hadi Masasi hakusema neno.

Jumapili wakafanya arobaini bila sisi. Binamu yangu alituma picha. Kiti cha dada wa marehemu kilikuwa kimewekwa.

Sasa nieleze nilichokuja kukijua baadaye, ili mwingine asiuziwe kama mimi. Kadi ya njano ni mpango wa COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kazi yake ni kulipa madhara utakayomsababishia mtu mwingine ukiwa na gari nje ya nchi yako, pamoja na matibabu ya waliomo kwenye gari. Ni kitu kizuri kabisa. Ukienda Malawi kwa Kasumulu, Zambia kwa Tunduma, ukienda Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, itakusaidia. Kinachowachanganya watu ni kwamba Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi, kwa hiyo mtu anadhani kila jirani yumo. Msumbiji walijitoa COMESA mwaka 1997, na kwenye kadi hawamo. Kuwa pamoja nao SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hakuisaidii gari yako hata kidogo. Ya kwao unanunua kwao.

Na hapa ndipo naposhindwa kuelewa. Wakala wa Mbeya akikosea jambo la Msumbiji, nitasema hajui, mipaka yake ni mingine. Wewe uko Mtwara! Mtwara nchi tunayopakana nayo ni moja tu. Mteja akiingia ofisini kwako akasema anavuka mpaka na gari, atakuwa anakwenda wapi kama si ng'ambo ya Ruvuma? Hiyo ndiyo bima unayotakiwa kuijua hata ukiamshwa usiku wa manane. Badala yake unauza kadi inayofanya kazi nchi ambazo mtu wa huku hafiki bila kupita kwanza mikoa mingine mitatu minne. Ni wangapi wamewauzia? Wangapi wamevuka nayo bila kukaguliwa, wakaendesha hadi Pemba ya Msumbiji wakiamini wana bima kumbe hawana kitu?

Najua kuna watakaosema ningeisoma kadi kabla. Nilisoma jina langu, namba ya gari na tarehe. Hayo mengine nilimlipa mtu anayejua. Ukinunua dawa duka la dawa unamwamini aliyesimama kaunta, na huyu ana leseni ya kuuza bima.

Kuna mwingine ameshaniambia kwa simu kwamba ningepita Kilambo, kivuko kingine cha Ruvuma huku kwetu, kwa pantoni. Ndugu yangu, pantoni inasubiri maji yajae, na ukishafika ng'ambo ni Msumbiji ileile na bima inayotakiwa ni ileile.

Jana nimewapigia tena, safari hii akapokea mkubwa wao. Akasema nirudishe kadi watanipa nusu ya pesa kwa kuwa "siku zimeshaanza kuhesabiwa". Siku zipi? Kadi ambayo haikuwa na kazi hata saa moja inahesabiwa siku? Nataka pesa yangu yote, na mafuta ya kwenda na kurudi, lita 65, risiti za vituo ninazo. Na nataka wabandike karatasi mlangoni, kwa Kiswahili, kwamba kadi ya njano haitumiki Msumbiji. Hili la karatasi ndilo siliachi hata wakinilipa. Cha mama hawawezi kukilipa, hicho sijakiweka kwenye madai.

Barua ya malalamiko kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, nimeshaiandika, nimeambatanisha nakala ya kadi, fomu yenye mwandiko wake na risiti. Wasipojibu naipeleka pia kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ombi langu kwenu wa Mtwara, Masasi, Newala, Nanyumbu, na Lindi pia: kama umewahi kuuziwa kadi ya njano ukaambiwa ni ya Msumbiji, itoe leo uangalie nchi zilizoandikwa. Kama una nakala ya fomu, nitumie inboksi, ukiziba jina lako ni sawa, niiambatanishe. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwao na mama amesema tunakwenda wote.